Mseto wa Vyungu Viwili: Maoni kuhusu Semina na Mtandao katika Ufundishaji wa Kiswahili Vyuoni

1.0 Utangulizi

Katika miaka ya karibuni vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vimekuwa vikihimiza aina ya ufundishaji ambamo sehemu ya somo hufanyika darasani, mwalimu na wanafunzi wakionana ana kwa ana, na sehemu nyingine hufanyika kwa njia ya intaneti. Istilahi ya Kiswahili ya jambo hili haijatulia bado. Wako wasemao “ujifunzaji changamani”, na wako wasemao “ufundishaji mseto”. Katika makala hii tutatumia neno “mseto”, kwa kuwa neno lenyewe lina la kutufunza. Mseto, kama ajuavyo kila aliyelelewa mwambao, ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Choroko hutangulizwa motoni kwa sababu huchelewa kuiva, mchele hufuata, na vyote huivia katika chungu kimoja. Mtu akikuletea sahani ya wali na bakuli la choroko kando, yamkini utashiba, lakini hutakuwa umekula mseto.

Hoja tunayokusudia kuitetea ni moja. Ufundishaji mseto katika idara za Kiswahili hauwezi kufaulu pasipo semina, yaani kikundi kidogo cha wanafunzi chenye kiongozi wake, saa yake na mahali pake. Mtandao waweza kuilisha semina hiyo, tena vizuri sana. Hauwezi kushika nafasi yake. Tunaisema hoja hii sasa kwa sababu mambo yanaelekea kwenda kinyume. Saa za semina zinapunguzwa katika ratiba, na sababu itolewayo ni kwamba majadiliano “yamehamia mtandaoni”. Mwandishi wa makala hii amelishuhudia jambo hilo katika idara anamofundisha, na kwa hiyo hadai kuwa mtazamaji asiye na upande.

2.0 Hali ilivyo

Wanasarufi hutofautisha sentensi ambatano na sentensi changamano. Katika ile ya kwanza, vishazi viwili huru huunganishwa, na kila kimoja kingeweza kusimama peke yake. Katika ya pili, kishazi kimoja ni huru na kingine ni tegemezi, na uhusiano wao ndio uipao sentensi maana yake. Darasa letu la mseto, kwa jinsi lilivyo hivi sasa, ni sentensi ambatano, tena iliyoungwa vibaya. Upande mmoja kuna mhadhara uleule wa zamani, ukumbi umefurika, waliokaa nyuma hawasikii. Upande wa pili kuna ukurasa wa kozi katika Moodle, programu ambayo imekuwapo tangu mwaka 2002 na ambayo vyuo vingi vya kwetu vinaitumia. Kati ya pande hizo mbili hakuna kiunganishi. Mwanafunzi aweza kuhudhuria mihadhara muhula mzima asiufungue ukurasa huo hata mara moja. Mwenziwe aweza kupakua kila kilichomo bila kukanyaga ukumbini. Na wote wawili watafanya mtihani mmoja na pengine kupata alama zilezile.

Sehemu ya lawama ni ya historia. Maradhi ya UVIKO-19 yalipoingia, vyuo vya Tanzania vilifungwa mwezi Machi 2020 na kufunguliwa tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Wenzetu wa Kenya walikaa mbali na madarasa kwa muda mrefu zaidi. Katika haraka ile kila mmoja alifanya lililowezekana, nalo lililowezekana lilikuwa kupakia maandishi mtandaoni. Dharura ikapita, desturi ikabaki. Ukurasa wa kozi ukawa kabati la kuwekea muhtasari wa mihadhara, na kabati hilo ndilo tunaloliita mseto katika taarifa zetu za mwaka.

Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa watu wa kabati. Katika kozi ya ushairi ninayoifundisha kwa wanafunzi wa mwaka wa 2, nilipakia muhtasari wa kurasa 40, nikapakia na mhadhara mzima uliorekodiwa kwa video, kisha nikafungua ukumbi wa majadiliano na kuamuru kila mwanafunzi achangie angalau mara mbili ili apate alama. Walichangia. Wa kwanza aliandika aya nzuri, ambayo baadaye niliikuta neno kwa neno mahali pengine. Wa pili aliandika kwamba anaungana na mwenzake. Wa tatu aliungana na wote wawili. Hadi mwisho wa juma nilikuwa na mamia ya michango, na katika yote hayo hakuna aliyempinga mwingine hata kwa neno moja. Katika ushairi wa Kiswahili, ambao una jadi ya majibizano na ambao wanajadi na wanamabadiliko waliugombania tangu miaka ya 1970 kwa kalamu kali kabisa, darasa zima lilikubaliana! Nilitambua kwamba nilichokiita majadiliano kilikuwa daftari la mahudhurio.

3.0 Funzo la mwaka 1973

Twauzungumzia mseto kana kwamba ni mgeni aliyeshuka jana. Kwa hakika Tanzania iliwahi kuendesha mseto ulio mkubwa kuliko wowote ufanywao na vyuo vyetu leo, na chombo chake kilikuwa redio. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya elimu iliyoitwa Mtu ni Afya. Waratibu wake walikuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kampeni hiyo ilitanguliwa na nyingine ndogo, ikiwamo Wakati wa Furaha ya mwaka 1971, ambamo utaratibu wenyewe ulijaribiwa na kurekebishwa. Washiriki wa Mtu ni Afya wakakadiriwa kufikia milioni 2, na viongozi wa vikundi waliofunzwa kwa ajili yake wakawa wapatao 75,000.

Utaratibu wa vikundi unastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa muda wa majuma 12 wanakikundi walikutana mahali pamoja kwa saa iliyojulikana. Walisikiliza kipindi cha redio. Kipindi kilipokwisha walisoma sehemu ya kitabu iliyohusu mada hiyohiyo, na asiyejua kusoma alisomewa na mwenziwe. Halafu walijadili, wakilinganisha waliyoyasikia na hali ya kijiji chao: malaria na madimbwi ya wapi, kichocho na maji ya mto upi, safura na choo cha nani. Hatimaye waliamua la kutenda kabla ya kukutana tena. Vyoo vilichimbwa, vichaka vikafyekwa, madimbwi yakafukiwa.

Tukirudi kwenye sarufi yetu, redio hapo ilikuwa kishazi tegemezi. Sauti iliyotoka Dar es Salaam haikuwa na maana kamili mpaka ifike chini ya mwembe, katika kikundi, penye mtu wa kuuliza “Na hapa kwetu je?” Maandalizi makubwa hayakuwa ya vipindi pekee. Yalikuwa ya yule kiongozi wa kikundi, aliyefunzwa kwa mfumo wa ngazi: waliofunzwa kwanza wakawafunza wengine, nao wakawafunza viongozi wa vijijini. Ukiigawanya ile milioni 2 kwa wale 75,000, kila kiongozi anaangukiwa na watu 27 hivi. Hesabu hiyo na tuilinganishe na ya kozi zetu za mwaka wa kwanza, ambamo mhadhiri mmoja anaangukiwa na mamia. Nchi iliyokuwa na umri wa miaka 12 tu tangu kupata uhuru iliona kwamba sauti ya mbali haifundishi bila mtu wa karibu. Sisi tulio na simu zenye uwezo mkubwa kuliko redio ile tumelisahau jambo hilo.

Hatupendi, hata hivyo, kuitukuza kampeni hiyo kupita kiasi. Ilifanyika chini ya chama kimoja, na ni halali kuuliza ni vyoo vingapi vilivyochimbwa kwa sababu ya mjadala na vingapi kwa sababu balozi wa nyumba kumi alikuwa akipita. Pia lengo lake lilikuwa kufikia maazimio. Semina ya fasihi haitafuti maazimio. Mara nyingi ikishaazimia huwa imekwisha kufa. Tunachokichukua kutoka mwaka 1973 ni umbo la kazi: kusikia kwanza, kusoma baadaye, kubishana pamoja, na mtu anayewajibika kuhakikisha kwamba hayo matatu yametendeka kwa mpangilio huo.

4.0 Sikio na mizani

Baada ya aibu ya ule ukumbi wa majadiliano, niliivunja kozi yangu na kuijenga upya kwa umbo hilo. Nilianza na mada ambayo wanafunzi huiona kavu kuliko zote, yaani mizani.

Kwa kawaida tunafundisha mizani kwa maandishi. Tunaandika ubeti ubaoni, tunaukata silabi kwa silabi, tunahesabu. Mwanafunzi anajua kwamba kipande cha utendi kina mizani 8, na akihesabu akapata 7 anasema mshairi amekosea. Aghalabu aliyekosea ni yeye, na kosa lake linatokana na jicho. Katika neno “mtu” herufi m ni silabi kamili, na neno lina mizani 2. Katika “mbuzi” herufi hiyohiyo imeegemea b inayofuata, na neno zima lina mizani 2, si 3. Lakini “mbu” nalo lina mizani 2, kwa kuwa shina lake ni la silabi moja na m inalazimika kusimama yenyewe. Vivyo hivyo “nchi” ina 2, na “ndoto” ina 2. Karatasi haitofautishi m hizo. Zote zimeandikwa namna moja. Mghani hawezi kukosa kuzitofautisha, kwa sababu anayeghani kwa mahadhi hulazimika kuipa kila mizani pigo lake.

Kwa hiyo niliondoa maandishi. Nilipakia mtandaoni sauti ya bibi mmoja wa mwambao, aliyeniruhusu kumrekodi, akighani beti za Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Zilikuwa dakika 6 tu. Sikuweka matini wala maelezo. Wanafunzi waligawanywa katika vikundi vya watu 12, kila kikundi kikiwa na kiongozi ambaye ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Kazi yao ilikuwa kusikiliza kwa pamoja, mara nyingi iwezekanavyo, kuandika wanachokisikia, na kuhesabu mizani ya kila kipande. Ndipo waje semina.

Semina ya kwanza haikuwa na upole wowote. Vikundi viwili vilitofautiana juu ya kipande kimoja, hiki kikisema mizani 7 na kile 8. Katika darasa la zamani ningetoa jibu na kuendelea. Safari hii kijana mmoja, ambaye muhula uliotangulia sikuwahi kuisikia sauti yake, alisimama akaghani kipande hicho huku akipiga kidole juu ya meza. Wenzake wakamwambia anakivuta ili hesabu itimie. Akajibu kwamba bibi naye anakivuta palepale, na akataka sauti irudiwe. Ilirudiwa mara nne. Mjadala ukaenda mbali kuliko nilivyotarajia. Je, mizani ni sifa ya maandishi au ya sauti? Hati ya Kiarabu, ambayo tenzi nyingi za kale ziliandikwa nayo, iliziandikaje nazali hizi? Na tunapomhukumu mshairi wa karne ya 19 kwa tahajia ya kilatini iliyosanifiwa katika karne ya 20, tunamhukumu nani? Maswali hayo sikuyapanga. Yalitoka katika dakika 6 za sauti na ubishi wa saa moja na nusu.

Mambo mawili yafaa kuzingatiwa hapa. Kwanza, mtandao ulifanya kazi ambayo mhadhara usingeweza kuifanya. Sauti ile ingepigwa mara moja tu ukumbini ingepita kama upepo. Mtandaoni ilisikilizwa, ikasimamishwa, ikarudiwa, hadi masikio ya vijana waliozaliwa mbali na pwani yakaizoea lahaja. Pili, kazi hiyo ingepotea bure kama kusingekuwa na mahali pa kuipeleka. Wanafunzi walisikiliza kwa bidii kwa sababu walijua kwamba Alhamisi wataulizwa na wenzao.

Haikuwa kazi bila dosari. Kikundi kimoja kilipoteza kiongozi wake aliyepata ajira mkoani katikati ya muhula. Sikuweza kumpata mwingine, na kufikia juma la nne kikundi hicho kilikuwa kimesambaratika, ingawa ukurasa wao mtandaoni ulikuwa mzima na sauti zote zilikuwamo.

5.0 Pingamizi na gharama

Wasimamizi wa taaluma wana hoja zao, na zinastahili kujibiwa kwa heshima. Hoja iliyo nzito ni ya idadi. Udahili umeongezeka, vyumba havikuongezeka, na semina za watu 12 zinahitaji vyumba na viongozi ambao hawapo katika bajeti. Hilo ni kweli. Lakini mseto uliopangwa vema ndio ungepunguza tatizo hilo, kwa kuwa kinachoweza kuhamia mtandaoni bila hasara kubwa ni mhadhara. Maelezo ya saa mbili yasomwayo mbele ya mamia ya watu waliokaa kimya yanaweza kurekodiwa katika vipande vifupi, na ukumbi huo mkubwa ukabaki wazi kwa vikundi vitatu au vinne vinavyobishana katika pembe zake. Kuondoa semina na kubakiza mhadhara, kama inavyofanywa sasa, ni kutoa choroko na kuendelea kuuita wali mseto.

Pingamizi la pili hutolewa na wahadhiri wenzetu, nalo linatugusa zaidi. Wanasema kwamba semina ni uwanja wa wasemaji, na kwamba mwanafunzi mwenye haya, au aliyetoka shule ambako kumhoji mwalimu ni utovu wa adabu, hupata ulimi wake mtandaoni. Tunakubali kwamba wako wanafunzi wa namna hiyo. Tumewaona katika vikundi vya WhatsApp ambavyo wanafunzi hujiundia wenyewe. Huko hutumiana ujumbe wa sauti, hutaniana, huulizana maana ya neno usiku wa manane, na aliye kimya darasani huwa mfafanuzi wa wote. Walakini tuangalie ni kwa nini vikundi hivyo viko hai ilhali ukumbi rasmi wa kozi umekufa. Wanaokutana humo wanajuana kwa sura, wanakaa bweni moja, wanadaiana na kusaidiana. Mtandao hapo umepanda juu ya ujirani uliokuwapo. Mwanafunzi mwenye haya atasaidiwa na kikundi cha watu 12 anaowajua, ambao atazungumza nao kwanza kwa sauti ya simu na baadaye kwa sauti ya kinywa.

Gharama ya data nayo isipuuzwe. Mwanafunzi aliyepanga chumba nje ya chuo hununua kifurushi kwa fedha ileile ya chakula. Video ya mhadhara wa saa mbili humla mamia ya megabaiti, ilhali dakika 6 za sauti, zikibanwa vizuri, hazizidi megabaiti 3, na mtu mmoja akizipakua aweza kuwagawia wenzake bila intaneti. Kwa bahati njema somo letu ni la sauti. Fasihi simulizi, ushairi, fonolojia, lahaja: mada hizi zote zinabebwa na sauti kuliko picha ya mhadhiri aliyesimama mbele ya ubao. Idara zetu zingeweza kuwa na mseto wa gharama nafuu kuliko idara yoyote chuoni, laiti tungeacha kuiga mseto wa watu wenye intaneti isiyokatika.

Kuhusu lugha ya vyombo vyenyewe tutasema kidogo tu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa toleo la Kiswahili la programu ya OpenOffice, lililoitwa Jambo OpenOffice. Basi istilahi za kutosha za kufungua, kuhariri na kuhifadhi faili zipo kwa zaidi ya miaka 20. Hata hivyo mwanafunzi wa Kiswahili angali akiwasilisha insha ya Kiswahili kwa kubonyeza amri za Kiingereza, baada ya kuiandika kwenye programu inayompigia mstari mwekundu chini ya kila neno la lugha yake. Idara ya Kiswahili isiyoweza kulirekebisha hilo katika kurasa zake yenyewe itapata shida kuzishauri wizara.

Linalobaki ni viongozi wa vikundi, na hapa hatuna jibu lililokamilika. Wanafunzi wa uzamili walioongoza vikundi vyangu hawakulipwa. Walifanya kwa hiari, na wengine kwa sababu waliogopa kukataa, jambo ambalo halinipi raha. Mapendekezo yetu ni kwamba uongozi wa semina uhesabiwe kuwa sehemu ya mafunzo ya shahada ya uzamili, wenye mafunzo yake ya awali kama waliyopewa wale wa mwaka 1973, wenye alama katika cheti, na wenye posho angalau ya vifurushi vya data. Fedha iliyotengwa kwa ununuzi wa kamera za kurekodia mihadhara ingetosha kuanzia. Pendekezo hilo liliwasilishwa katika kikao cha idara, likaungwa mkono, na likapelekwa ngazi ya juu.

Ratiba ya muhula ujao imekwisha kubandikwa. Mhadhara wa ushairi umebaki saa mbili, kwenye ukumbi uleule. Semina ya Alhamisi saa nane mchana haimo. Mahali pake pameandikwa “mtandaoni”. Viongozi wanane wa vikundi wamekubali kuendelea hata hivyo, na wameomba waruhusiwe kutumia veranda ya maktaba, ambako kuna kivuli na mtandao hushika. Barua ya maombi iko kwa mkutubi.